Alama za maji kwenye kaboni ya dashibodi zimekataa kutoka

MwanaKuze

Assalamu alaikum jamaa zangu. Nina jambo limeninyima usingizi tangu Jumapili, na najua humu mna mafundi wa kweli.

Gari ni BMW M4 ya 2015, la kaka yangu mkubwa. Yeye ni baharia, yuko melini, na hatarudi mpaka mwezi wa kumi na mbili. Aliliagiza Japani mwenyewe, akaenda kulipokea bandarini Kilindini, Mombasa, mwenyewe, na siku ya kusafiri alinikabidhi ufunguo akaniambia neno moja tu: "Litunze." Ndani lina ukanda wa kaboni faiba unaokatiza dashibodi upande wa abiria mpaka katikati. Ni mweusi, unang'aa, na ukiutazama kwa karibu unaona nyuzi zimesukwa mshazari kama ukili wa mkeka uliowekwa chini ya kioo. Kaka anaupenda ukanda ule kuliko hata injini.

Jumamosi alioa binamu yetu. Nikalitoa gari limchukue bibi harusi, maana ni mtoto wa ami yetu na kaka mwenyewe aliridhia kwa simu. Mashangazi wakalipamba. Koja nene la asumini na mrihani wakalifunga kutoka tundu la AC la kushoto hadi la katikati, likalala juu ya kaboni. Kila maua yakianza kulegea waliyanyunyizia maji, na shangazi mmoja akaongeza marashi ya mawaridi kwa mrashi. Tukaenda kupiga picha Mama Ngina, gari likasimama juani kuanzia saa tisa mpaka karibu na magharibi, AC ikiwashwa na kuzimwa.

Jumapili asubuhi nilipolitoa koja nikaona pete nyeupe pale pale lilipolala. Nyingine ndogo kama punje ya mtama, nyingine kubwa kama sarafu ya shilingi kumi. Nimezihesabu, ni 23.

Nimefuta kwa kitambaa cha maji, zikafifia, zilipokauka zikarudi. Nikapuliza ile polishi ya dashibodi ya kopo, zikapotea kabisa, nikamshukuru Mungu nikalala. Jumatatu mchana gari lilipopata joto zikatokeza tena, na sasa pana utelezi juu yake. Nifanyeje? Tafadhali mtu asiniambie nibadilishe kipande kizima, nimeulizia bei na siwezi kuitaja hapa.

KijanaBondeni

Pole sana kaka. Jaribu dawa ya meno, ile nyeupe ya kawaida, si ya jeli. Mimi nilisugulia taa za mbele za Probox zilizokuwa zimefanya ukungu wa manjano, zikarudi kama mpya. Paka kidogo, sugua kwa kitambaa laini dakika kumi, futa. Kwa shilingi mia umemaliza kazi.

Tezi_na_Omo

Wa alaikum salaam mwanangu. Kwanza usiiguse hiyo dawa ya meno. Kijana wa Bondeni amesema kwa nia njema, na kwa taa ni kweli inasaidia, kwa sababu uso wa plastiki ya taa umeshaungua na jua na kazi yako ni kuukwangua uondoke. Hapa uso ni mzima. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia. Ukiipitisha juu ya kitu cheusi kinachong'aa utaondoa pete 23 uache mikwaruzo isiyohesabika, na jua la saa nne likiingia dirishani utaiona yote.

Mimi ni fundi wa boti Mtwapa. Nina miaka 26 katika faiba na epoksi, boti za uvuvi wa bahari kuu na mashua za watu. Kaboni ya gari lako ni jamii ile ile: kitambaa cha nyuzi za kaboni kimeloweshwa rezini, yaani gundi ya majimaji, kikakauka kikawa kigumu, kisha juu kikapigwa klia, ile vanishi inayopitisha mwanga. Kile unachokiona kinang'aa ni klia. Kaboni yenyewe iko chini yake, na tone la maji la siku moja halijaifikia. Hilo likutulize moyo kidogo.

Sasa, kabla sijakwambia upake nini, nijibu mambo mawili.

Usiku zima taa zote, washa tochi ya simu, uilaze ubavuni mwa ukanda ili mwanga upite juu yake kwa upande. Tazama pete, kisha pitisha ukucha juu yake taratibu, bila kukwaruza. Ukihisi kijikingo, kama chumvi iliyogandia, alama imekaa juu. Ukihisi pamezama, klia imeliwa. Usipohisi kitu, na weupe ukaonekana kwa ndani kama ukungu nyuma ya kioo, basi unyevu umeingia chini ya klia. Haya ni maradhi matatu, na dawa ya moja huzidisha jingine. Nimeona watu wakisugua siku nzima kutafuta ukungu ulioko chini ya klia, mpaka wakafika kwenye nyuzi.

La pili: maji waliyokuwa wakinyunyizia yalitoka wapi? Bombani au kisimani?

MamaAsumini

Baba MwanaKuze, mimi kazi yangu ni kutunga asumini hapa hapa Mji wa Kale, vikuba na makoja ya harusi, kazi niliyorithi kwa mama yangu. Kuhusu gari sijui kitu, lakini kuhusu koja najua, na nimeona niseme mapema msije mkayasingizia marashi.

Marashi ya mawaridi ni mvuke wa maua uliokusanywa ukapozwa. Ndani yake hamna chumvi wala chokaa. Nina mrashi wa fedha wa bibi yangu, mdomo wake haujapata kuganda weupe hata siku moja. Lakini ndoo ninayolowekea asumini ina mstari mweupe ndani kama umepakwa kwa brashi, na ninasugua kila wiki. Tofauti ni kwamba ndoo naijaza kwa maji ya kisima.

Na jambo ambalo watu hawalijui: asumini tunazinunua jioni zingali vitumba, tunazitunga usiku zikifunguka, na mpaka asubuhi zinakaa chini ya kitambaa kibichi. Koja likifika kwenye gari lenu limeshakunywa maji usiku kucha. Uzi wa pamba nao unayashika. Gari likiruka tuta, linadondosha. Kwa hiyo hata mashangazi wasingenyunyizia kitu, matone yangalikuwapo. Usiwalaumu, walitaka bibi harusi afike na maua mabichi.

MwanaKuze

Shukrani ami Tezi_na_Omo, na shukrani mama. Nimefanya ulivyoniagiza, saa tatu usiku, gereji ikiwa giza.

Pete nyingi zina kijikingo, ukucha unazihisi kabisa. Mbili zilizo karibu na tundu la AC la kushoto zimezama, nimezirudia mara tatu kuhakikisha. Na kuna jambo sikulieleza jana, naliweka wazi ili mnishauri sawasawa: Jumapili kabla ya polishi ya kopo nilisugua kidogo kwa sponji ya vyombo, upande wa kijani. Hapo pana mahali kama upana wa vidole vitatu pameingia ufifi, hapang'ai kama kwingine. Niliacha mara moja nilipoona.

Maji yalikuwa ya kisima cha nyumbani. Jumamosi hiyo bomba lilikuwa kavu.

Tezi_na_Omo

Umefanya vizuri kuisema hiyo sponji. Nisingejua, ningekupa ushauri wa nusu.

Sikiliza. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Wazee waliichoma wakajengea Mji wa Kale wote. Mvua ikipenya chini inaliyeyusha lile jiwe kidogo kidogo, na huko chini maji ya bahari nayo yanasogea. Kwa hiyo kisima cha mtaa wenu wa Kuze kinakupa vitu viwili ndani ya ndoo moja: chokaa na chumvi. Tone likikauka, maji yanakwenda zake na hivyo viwili vinabaki. Vinabaki kama pete kwa sababu ukingo wa tone ndio unaokauka haraka, na maji ya katikati hukimbilia ukingoni kujaza pengo, yakibeba mzigo wao na kuutua pale. Tena kwako palikuwa na jua la Mama Ngina juu na upepo wa AC chini. Tone moja halichukui dakika nyingi hapo.

Ndiyo maana kitambaa cha maji kilikuhadaa. Chumvi huyeyuka kwa maji matupu, ikatoka. Chokaa haiyeyuki kwa maji, ikabaki. Na kama kitambaa ulikichovya kwenye maji yale yale ya kisima, uliongeza nyingine juu.

Polishi ya kopo nayo nyingi ni mafuta ya silikoni. Weupe wa chokaa unatokana na mwanga kutawanyika kwenye vijipengo vyake. Mafuta yakivijaza, mwanga unapita, unaona peusi. Gari likipata joto mafuta yanatambaa, vijipengo vinabaki wazi, weupe unarudi. Chokaa haikuondoka hata chembe.

Tiba yake ni asidi dhaifu. Chukua kijiwe cha matumbawe ufukweni, kidondoshee siki, utaona kinatoa vipovu. Chokaa inageuka hewa, na kinachobaki kinayeyuka majini. Ukishaona vipovu hivyo utaelewa kwa nini nakukataza kusugua. Kazi inafanywa na siki, mkono wako ni wa kuishikilia tu.

Nunua siki nyeupe ya asilimia 5, chupa ya maji ya betri yaliyosafishwa, pamba, na vitambaa vya mikrofaiba vipya vinne. Vya zamani vilivyofutia vumbi visiingie kabisa. Ndimu iache jikoni. Asidi yake inaweza, lakini ina sukari na nyuzinyuzi zake, na ukali wa ndimu moja si wa nyingine.

Gari liwe kivulini na ukanda uwe wa baridi kwa mkono. Fanya asubuhi na mapema, AC imezimwa. Usipulizie kitu chochote moja kwa moja kwenye dashibodi. Nyuma ya pale kuna nyaya, na upande wa abiria kuna mfuko wa hewa. Kila kitu kipitie kwenye kitambaa, na kitambaa ukikamue kisidondoshe.

Anza kwa kuondoa silikoni: maji ya betri kiasi cha glasi, sabuni ya vyombo tone moja, futa, kisha futa tena kwa maji ya betri matupu. Mpaka utelezi uishe. Ukiruka hatua hii siki haitaifikia chokaa, itaelea juu ya mafuta, halafu utasema fundi wa Mtwapa amekudanganya. Baada ya hapo laza kitambaa kibichi cha maji ya betri juu ya pete dakika mbili, ukikaushe. Zitakazotoka hapo zilikuwa za chumvi.

Kwa zitakazobaki, changanya siki na maji ya betri nusu kwa nusu. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, ungoje, uitazame. Klia ikiwa haikubadilika, chovya pamba, ikamue, ilaze juu ya pete moja dakika moja. Usisugue. Inua, futa kwa maji ya betri, kausha kwa kitambaa kingine. Ikibaki, rudia. Mara tatu, nne, si zaidi. Siki isikae juu ya ngozi wala kwenye pambo la aluminiamu linaloukingia ukanda, ikigusa futa hapo hapo.

Nikitaja aluminiamu: kagua mahali inapokutana na kaboni. Huku kwetu botini tunalijua hilo kwa machungu. Kaboni inapitisha umeme, na ikigusana na aluminiamu penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa na kutoa unga mweupe. Ukiona unga huo kwenye maungio, hiyo si alama ya maji, na pamba ya siki itaizidisha. Safisha kwa maji ya betri, ukaushe sana.

Zile mbili zilizozama na pale pa sponji usipaguse kwanza. Tuanze na hizi.

AbuNyali

Nachomeka neno kabla hujaenda kituo cha mafuta. Maji ya betri na asidi ya betri mara nyingi hukaa rafu moja, na chupa zake hufanana umbo. Ile nyingine ni asidi ya salfuriki. Ikigusa klia, ngozi ya kiti au mkono wako hakuna wa kukusaidia kuirudisha. Mimi niliwahi kufika kwenye malipo nikiwa nimeshika isiyo yake, na aliyeniokoa ni dereva wa tuktuk aliyekuwa nyuma yangu. Soma lebo, soma tena, halafu ukifika nyumbani uisome mara ya tatu.

Swali kwa ami: maji yanayodondoka kwenye AC ya nyumbani si sawa na yale ya betri? Hapa Nyali napata ndoo nzima kila siku.

Tezi_na_Omo

AbuNyali, Mungu akuzidishie. Hilo la chupa ningelisema mwanzo kabisa, limenipita.

Maji ya AC ni unyevu wa hewa uliopozwa, kwa hiyo chokaa hayana. Lakini yamepita juu ya mapezi yenye vumbi na ukungu, yakateremka kwenye bomba lenye utelezi. Kuoshea vioo vya gari, sawa. Kwa kaboni inayong'aa, vumbi moja chini ya kitambaa ni mkwaruzo. Chupa ya dukani si ghali kiasi cha kujitia katika hatari hiyo.

KijanaBondeni

Ami nimekuelewa kuhusu dawa ya meno, na samahani MwanaKuze. Mimi nina swali la rafiki yangu, gari lake lina kaboni isiyong'aa, ile ya kufifia kwa makusudi. Nayo inapata alama hizi hizi. Tiba ni moja?

Tezi_na_Omo

Hakuna cha kuomba samahani, ulichosema ulikijaribu mwenyewe kwenye taa.

Siki na maji ya betri, ndiyo, vile vile. Ila polishi ya aina yoyote asiiguse. Uso usiong'aa una vijibonde vidogo mno ndani ya klia, navyo ndivyo vinavyoutawanya mwanga. Akisugua, anavilainisha, na mahali hapo panang'aa peke yake katikati ya ufifi. Hakuna wa kulirudisha hilo kwa mkono, ni kupiga klia upya kipande kizima. Na kwa kuwa vijibonde hushika chokaa zaidi, awe na subira, arudie pamba mara nyingi kwa muda mfupi mfupi.

MwanaKuze

Ami, nimerudi na habari.

Nimeanza baada ya swala ya alfajiri, gari likiwa gerejini tangu jana, kaboni baridi. Silikoni imenichukua muda kuliko nilivyodhani, vitambaa viwili vimechafuka, na maji ya sabuni ilibidi niyachanganye upya. Nilipomaliza, pete zote zilikuwa wazi, nyeupe kuliko jana. Nilishtuka, halafu nikakumbuka maneno yako kuhusu mafuta.

Kwa maji ya betri matupu zimetoka 6, zote ndogo. Nikajaribu siki kwenye kona ya chini karibu na mlango, nikangoja, hakuna kilichobadilika. Nikaiweka pamba kwenye pete kubwa kuliko zote, nikahesabu mpaka sitini, nikainua. Haikuwapo. Wallahi nimeitafuta kwa tochi mahali ilipokuwa na sikuiona, nyuzi tu zimetokeza, nyeusi na kijivu, zimekaa kwenye safu zake. Nimemwita mama aje atazame.

Nyingine 11 zimetoka hivyo hivyo mara ya kwanza. Tatu zimetaka mara tatu. Zimebaki zile mbili zilizozama, na pale pa sponji. Kwenye aluminiamu nimekagua, hamna unga, nimepafuta kwa maji ya betri na kupakausha.

Nafanyaje na hizi mbili?

Tezi_na_Omo

Alhamdulillahi.

Zile mbili ziko karibu na tundu la AC, sivyo? Hapo palikuwa na joto la jua na hewa kavu ya baridi kwa zamu, na matone mapya yakidondokea ya zamani kila mara. Kila yakikauka yanakuwa makali zaidi, na klia iliyopashwa joto hulainika. Kwa hiyo chokaa imejichimbia. Ulichobaki nacho si uchafu tena, ni umbo. Siki haina kazi hapo, usiilaze tena.

Tuanze na pale pa sponji, ndipo penye matumaini zaidi. Mikwaruzo ya sponji ya kijani iko juu juu. Tafuta polishi ya magari ya hatua ya mwisho, laini kuliko zote, isiyo na nta ndani yake. Mwuzaji akikupa ile ya kukatia, nzito, mrudishie. Weka kiasi cha punje ya mbaazi kwenye sponji laini ya kupakia, fanya eneo la vidole vinne tu, kwa mistari iliyonyooka ya kwenda na kurudi, uzito wa mkono kama unayempangusa mtoto uso. Mara kumi, futa, tazama kwa tochi. Mara kumi nyingine, futa, tazama. Mashine usiitumie. Kwenye ukanda mwembamba wenye kingo mashine hula ukingo kabla hujajua.

Hesabu ukubwa wa kitu unachokipunguza. Klia ya kiwandani kwenye bodi ya gari huwa karibu mikroni 40 hadi 50, na unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Una unene usiofikia unywele mmoja. Kila ukipolishi unautumia, na haurudi.

Kwa sababu hiyo, zile mbili zilizozama zipitie na polishi hiyo hiyo mara moja, zitalainika ukingo, halafu ziache. Kuziondoa kabisa maana yake ni kushusha klia yote inayozizunguka mpaka ilingane na shimo, na sitakubali uifanye kwa mkono gerejini kwenye gari la mtu aliyeko baharini. Kaka akirudi akitaka zitoke, njia ni kukitoa kipande, betri imetolewa waya na kungojwa kwanza kwa sababu ya mfuko wa hewa, kukipiga msasa wa maji wa laini, na kukipulizia klia upya. Mwezi wa kumi na mbili kaskazi itakuwa imeingia, ni wakati mzuri. Msimu wa mvua klia inashika unyevu wa hewa ikiwa bado mbichi na kukauka na ukungu mweupe ndani, kisha unakuwa na tatizo baya kuliko la mwanzo. Na atakayepulizia avae kinyago cha kweli chenye vichujio. Hadina ya klia hizi, ile dawa ya kuzifanya zikauke ziwe ngumu, ina kemikali inayoharibu mapafu. Nina wenzangu wawili walioacha kazi hii kwa sababu ya kifua, na kila kijana anayeanza kwangu namwambia habari zao siku ya kwanza.

Ukimaliza kupolishi paka nta ya magari safu moja nyembamba, na ununue pazia la kioo cha mbele. Jua ndilo lililopika matone yale.

MwanaKuze

Nimefanya jana na leo, kidogo kidogo. Pale pa sponji pamerudi kung'aa baada ya zamu nne, nikaacha. Zile mbili ukikaa kiti cha abiria huzioni. Ukisimama mlangoni na jua likiwa nyuma yako unaona duara mbili hafifu, kama alama ya glasi kwenye meza ya zamani.

Nimempigia kaka picha za mwanzo na za mwisho nikamtumia zote, na sauti ya kumweleza kila kitu, na sponji nikaitaja. Jibu limekuja usiku, meli ilikuwa karibu na nchi ikapata mtandao. Kaniuliza kwanza kama bibi harusi alifika kwa wakati. Halafu akasema zile mbili zisiguswe na mtu, atakuja tukae naye Mtwapa kwako ami, uzione kwa macho yako.

Tezi_na_Omo

Mwambie karibu. Ukanda akitaka kuutoa tutautoa pamoja, na nitamwonyesha mlingoti wa kaboni nilionao hapa, wenye msuko ule ule.

MamaAsumini

Nimefurahi mno baba. Na mimi nimejifunza. Tangu juzi koja la gari nalitunga kwa uzi mkavu, asumini nazitoa kwenye kitambaa mapema kwa saa mbili ili zipepewe, na chini yake nashonea utepe wa plastiki laini unaolingana na urefu wake, hauonekani kwa mtu. Likinyauka kidogo lipewe marashi badala ya maji.

MwanaKuze

Mama, dada wa binamu anaolewa mwezi wa tisa. Gari litabaki gerejini, lakini koja la gari jingine nitalifuata kwako, na utepe nitakuletea kipimo chake wiki moja kabla.